Nyuma ya gari inapoyumba na kugonga: kutafuta chanzo na kubadilisha bushi za Subaru Impreza ya zamani

Subaru Impreza WRX za kizazi cha GC8, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1992, na zile za GDA na GDB zilizofuata hadi mwaka 2007, bado zinaonekana katika barabara za Dodoma, na baadhi yake zinatembelea bushi za nyuma, yaani viungo vya mpira na chuma vinavyoshika amu za magurudumu, zilezile zilizofungwa kiwandani Japani. Mpira uliokaa chini ya gari kwa miaka ishirini na zaidi huwa umekauka na kupoteza mnyumbuko wake hata kama gari halikutembea sana, kwa sababu joto na hewa vinaendelea kuuzeesha gari likiwa limeegeshwa. Mwenye gari anapohisi nyuma imelegea, mara nyingi hununua shokapu mpya, na baada ya kuzifunga hugundua kwamba tatizo liko palepale. Mwongozo huu unaanza na dalili, kwa kuwa bushi za nyuma husingiziwa makosa ya vipuri vingine, na vipuri vingine navyo husingiziwa makosa yake.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote, kwa sababu karibu kila hatua ya kazi hii inalitegemea. Bushi ya kawaida ni mpira ulioganda kati ya bomba dogo la chuma lililo ndani na bomba kubwa la chuma lililo nje. Bomba la nje limeshindiliwa kwenye tundu lake, na bomba la ndani linabanwa na boliti lisizunguke kabisa. Gurudumu linapopanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira wenyewe kujisokota kati ya mabomba hayo mawili. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi, haihitaji grisi, na ikionekana inazunguka kwenye boliti yake, basi imekwisha au imefungwa vibaya.

Kila gurudumu la nyuma la Impreza hizi linashikwa na shokapu kwa juu, na kwa chini na amu mbili za ubavuni, moja mbele na nyingine nyuma, zinazotoka kwenye krosimemba, yaani mhimili wa chuma unaokatiza chini ya gari, hadi kwenye nyumba ya habu, yaani chuma kinachobeba beringi ya gurudumu. Iko pia amu ya tatu, ambayo mafundi huiita trelingi, inayotoka kwenye bodi mbele ya gurudumu na kulizuia lisisogee mbele wala nyuma. Amu mbili za ubavuni ndizo zinazoamua tairi litazame wapi. Moja ikilegea na nyingine isilegee, tairi hugeuka kidogo kama la mbele linavyogeuka, ila hakuna usukani unaolitawala.

Nyuma kujigeuza yenyewe

Dalili hii haionekani mjini. Dereva anayeelekea Morogoro, akiwa analipita lori karibu na Kibaigwa, huachia mafuta ghafla anapoona gari linamjia, na hapo huhisi nyuma ikisogea upande kabla ya kutulia. Akikanyaga mafuta tena, nyuma huvuta upande wa pili. Kinachotokea ni kwamba gurudumu linavutwa nyuma mafuta yanapoachiwa na kusukumwa mbele yanapokanyagwa, na bushi iliyochoka inaliruhusu libadili uelekeo wake kila nguvu inapogeuka. Katika uwanda ulio wazi kati ya Bahi na Manyoni, upepo wa ubavuni huleta hisia ileile.

Kabla ya kuzilaumu bushi, upepo wa matairi upimwe yakiwa ya baridi, na ihakikishwe kwamba matairi mawili ya nyuma ni ya aina moja na yamelika kwa kiasi kinachofanana, kwa kuwa kasoro hizo mbili zinaweza kuleta myumbo unaokaribiana sana na huu. Vilevile itenganishwe nyuma na mbele. Ulegevu wa mbele, iwe ni boli jointi au ncha za usukani, hufika kwanza mikononi kupitia usukani, ilhali ulegevu wa nyuma hufika kwanza kiunoni kupitia kiti, na usukani hubaki umetulia wakati gari linasogea.

Ipo dalili nyingine ya ukoo huu ambayo wengi huizoea bila kuitilia shaka, nayo ni usukani kukaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja. Magurudumu ya nyuma yakitazama upande, gari hutembea likiwa limekaa mshazari kidogo, na dereva hulazimika kuyageuza ya mbele yafuate. Fundi anayerekebisha mbele peke yake anaweza kuunyoosha usukani, lakini chanzo cha mshazari huo anakiacha nyuma palepale.

Sauti za kugonga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sauti ya bushi iliyochoka, ya linki ya stabilaiza (fito ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia) na ya maunti ya juu ya shokapu (kishikio chake kwenye bodi) hufanana mno kwa mtu aliyeketi ndani ya gari, na kuzitofautisha kunahitaji kuuliza sauti inatokea wakati gani, si inafananaje.

Gari lipelekwe polepole juu ya tuta linalokatiza barabara nzima, ili magurudumu yote mawili ya nyuma yapande kwa pamoja, kisha lipelekwe mahali ambapo gurudumu moja tu linaingia shimoni. Stabilaiza hujisokota pale tu upande mmoja unapopanda kuliko mwingine, kwa hiyo kelele inayosikika kwenye shimo la upande mmoja na kunyamaza kwenye tuta kwa kawaida inatoka kwenye linki au kwenye mipira ya stabilaiza. Uthibitisho wake ni rahisi: linki za pande zote mbili zifunguliwe, gari liendeshwe kwa mwendo mdogo na kwa umbali mfupi kwenye njia ileile, na ikiwa kelele imetoweka, jibu limepatikana. Gari hulala zaidi kwenye kona likiwa hivyo, kwa hiyo jaribio hilo lisifanywe barabara kuu.

Kelele inayosikika kwenye tuta na kwenye shimo pia humweka mtafutaji kati ya shokapu, maunti yake ya juu na bushi. Maunti huchunguzwa kwa kuweka kiganja juu ya sehemu inakofungiwa shokapu, kwa upande wa buti, huku mtu mwingine akilisukuma gari chini na kuliachia. Maunti mbovu huusukuma mkono kwa mshtuko unaohisika waziwazi.

Mlio mmoja mzito wa kugonga unaosikika gari linapoanza kuondoka, linapobadilishwa gia au linapofungwa breki una historia tofauti. Hapo wanaoshukiwa ni bushi za trelingi na bushi zinazoshika difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma, breki ya mkono ivutwe hadi mwisho, kisha dereva aiachie klachi kidogo katika gia ya kwanza, aikanyage, na arudie katika gia ya kurudi nyuma, huku mtazamaji akiwa amesimama ubavuni, kamwe si chini ya gari wala mbele au nyuma yake. Kwa kuwa breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, nguvu ya injini itajaribu kulisogeza gurudumu ndani ya uwazi wa bodi. Gurudumu likionekana kusogea mbele na nyuma, trelingi imelegea. Likiwa limetulia na mlio wa kugonga ukasikika kutoka katikati ya gari, bushi za difu zichunguzwe kwanza.

Kulia na kusaga

Wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Novemba, vumbi la Dodoma huingia kila penye nafasi, na nyuma ya gari huanza kutoa mlio mkavu linapopita matuta kwa mwendo wa kutembea. Njia ya kuupata mlio ni kumwagia maji yenye sabuni bushi moja kwa wakati, kulisukuma gari, na kusikiliza kama sauti imebadilika. Mlio pekee, bila ulegevu, si sababu ya kuibadilisha bushi.

Ipo tabia ya kupuliza dizeli au oili chakavu chini ya gari ili kunyamazisha milio. Kelele hunyamaza kweli, lakini mafuta ya aina hiyo huufanya mpira wa bushi uvimbe na kulainika hadi unyofoke kwenye chuma. Kwa sababu hiyohiyo, sili ya difu inayovuja irekebishwe kabla ya kufunga bushi mpya karibu nayo.

Mlio wa kuvuma unaoongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, na kubadilika gari linapoegemea upande mmoja kwenye kona ndefu, ni wa beringi au wa tairi, na hauhusiani na bushi.

Tairi kulika upande

Kiganja kipitishwe juu ya uso wa tairi la nyuma kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kurudi ndani. Ikiwa upande mmoja wa safari hiyo ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, tairi limekuwa likiburuzwa mshazari, na uelekeo wake umeharibika. Kulika kwa ukingo wa ndani peke yake, bila mkwaruzo, hutokana zaidi na gari kushushwa kwa springi fupi, jambo ambalo vijana wa Impreza wanalipenda na ambalo bushi mpya haziwezi kuliponya.

Kukagua chini ya gari

Gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara za chuma. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa onyo. Gurudumu lishikwe kwa mikono miwili kushoto na kulia na kutikiswa. Likicheza, mtu wa pili atazame kama diski ya breki inacheza peke yake dhidi ya nyumba ya habu, ambapo kosa ni la beringi, au kama nyumba ya habu yenyewe inakwenda pamoja na gurudumu, ambapo kosa ni la bushi za amu.

Kisha mtaimbo upitishwe kati ya amu na krosimemba na kusukumwa kwa nguvu ya wastani. Mpira mzima husogea kidogo na kurudi. Mpira uliokufa huliacha bomba la ndani lihame kutoka katikati, na mara nyingine pengo huonekana kwa macho. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka boliti, au chuma kilichong'aa mahali ambapo vyuma viwili havipaswi kugusana, ni ushahidi ambao hauhitaji mtaimbo. Nyufa ndogo za juujuu zisimtishe mtu: magurudumu yakining'inia mpira huwa umesokotwa kuliko kawaida, na kila ufa hufunguka ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Bushi ihukumiwe kwa mpasuko unaoingia ndani, kwa kunyofoka kwenye chuma, au kwa bomba kutokuwa katikati.

Kuchagua bushi

Namba ya chesisi iende dukani pamoja na amu ya zamani, kwa sababu jina la Impreza peke yake halitoshi. Vipuri vingi hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na kupandishwa Dodoma kwa basi, na safari ya pili ya kurudisha bushi isiyolingana hugharimu muda kuliko pesa. Amu iliyotumika kutoka Japani, inayouzwa na bushi zake, ina mpira wa umri uleule wa ule unaotolewa, na kuinunua ni kubadilisha uzee kwa uzee, isipokuwa kama amu ya gari imepinda na kinachotafutwa ni chuma chake.

Bushi zinazochongwa kutoka kwenye vipande vya tairi kuukuu zinaweza kulisogeza gari hadi gereji, lakini kwenye amu za ubavuni mimi sizikubali kabisa. Hazijaganda kwenye chuma, kwa hiyo hazijisokoti, bali husagana, na uelekeo wa tairi hubadilika tena baada ya muda mfupi. Za polyuretheni ni jambo jingine. Bomba lake la ndani huzunguka ndani ya plastiki hiyo, kwa hiyo linahitaji grisi ya silikoni inayotolewa na mtengenezaji, na mahali penye vumbi kama hapa grisi hiyo huchafuka mapema na kilio kikaanza. Zinafaa kwenye amu za ubavuni kwa mtu anayetaka gari kali kwenye kona na asiyejali ugumu. Kwenye trelingi ningebaki na mpira, kwa kuwa trelingi hupinda kwa pande zaidi ya moja gurudumu linapopanda, na bushi ngumu huikatalia. Impreza ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na mwaka 2000, na wapo wanaotaja ushindi huo kama sababu ya kufunga bushi ngumu. Wanasahau kwamba gari lile lilikuwa na kundi la mafundi wanaolisubiri njiani.

Kufungua

Kabla jeki haijagusa gari, likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, upimwe umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kila upande, na uandikwe. Kipimo hiki kitahitajika mwishoni, na baada ya gari kufunguliwa hakiwezi kupatikana tena.

Amu ya nyuma kati ya zile mbili za ubavuni ina boliti yenye kichwa cha duara lisilo sawa kwenye ncha yake ya ndani. Kuizungusha ndiko kunakobadilisha uelekeo wa tairi. Mahali ilipo pawekwe alama kwa patasi au rangi nyeupe.

Boliti inayotesa ni ile ndefu inayopita kwenye nyumba ya habu na kushika ncha za nje za amu zote mbili. Hali ya hewa ya Dodoma ni kavu na haiongezi kutu kwa kasi, lakini gari lililotumika katika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, lilikuja na kutu yake. Karatasi ya mnada wa Japani, kama mwenye gari bado anayo, huonyesha kutu kwa herufi S na chuma kilicholika kwa herufi C. Kutu huunganisha boliti na bomba la ndani la bushi, hivyo nati hufunguka vizuri na boliti isitoke. Mafuta ya kulainisha kutu yapulizwe tangu jana yake na kurudiwa. Nati irudishwe hadi ilingane na ncha ya boliti kabla ya nyundo kutumika, ili hesi, yaani meno ya boliti, zisiharibike. Ikigoma kabisa, ikatwe kwa msumeno katika nafasi kati ya amu na nyumba ya habu, na kwa hiyo boliti mpya ziwepo kabla ya kazi kuanza. Moto wa gesi usitumike: mabomba ya breki, waya na tangi la mafuta viko karibu mno.

Bushi ya zamani hutolewa kwa presi, yaani mashine ya kushindilia, au kwa boliti ndefu, washa nene na soketi mbili, moja ya kusukuma na moja pana ya kuipokea. Kuuchoma mpira kwa moto, kama inavyofanyika sehemu nyingi, hutoa moshi wenye sumu na bado huacha bomba la nje tunduni. Bomba hilo likibaki, likatwe kwa msumeno mwembamba kwa urefu wake, na mkataji asimame kabla ya kulifikia chuma cha amu, kwa maana mfereji mmoja ndani ya tundu huipunguzia bushi mpya mshiko wake.

Kushindilia bushi mpya

Tundu lisafishwe kwa msasa mwembamba hadi kutu yote iishe. Bushi ikilazwa kwenye friza usiku kucha na amu ikaachwa juu ya bati wakati wa jua la saa saba mchana, kazi huwa nyepesi kidogo. Presi isukume bomba la nje tu. Ikisukuma bomba la ndani, mpira hunyofoka kabla gari halijatoka gereji. Bushi yenye matundu kwenye mpira wake ina upande wake, kwa kuwa matundu huamua ilainike kuelekea wapi, hivyo picha ya ile ya zamani ikiwa bado ndani ya amu ni msaada mkubwa.

Kubana

Bushi nyingi mpya za mpira zinazorudi gereji mapema hufia hapa, na hazifii barabarani. Fundi hufunga amu gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia, na kubana boliti zote hadi mwisho. Bomba la ndani hufungwa katika hali hiyo ya kuning'inia, na gari linaposhushwa mpira unakuwa umeshasokotwa kabla haujakutana na shimo hata moja. Gari hukaa juu kidogo kwa nyuma, huwa gumu, na baada ya miezi michache mpira huchanika kwa nguvu ambayo haukupaswa kuibeba.

Kwa hiyo boliti zote zifungwe kwa mkono tu, bila kubanwa. Kisha gari lishushwe juu ya shimo la gereji, au magurudumu yakalishwe juu ya mbao nene zenye urefu sawa, litikiswe mara kadhaa litulie, na ndipo boliti zibanwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kubana, kufuata kiwango cha kitabu cha gari hilo. Pasipo shimo, nyumba ya habu iinuliwe taratibu kwa jeki ya pili hadi kipimo kilichoandikwa mwanzoni kirudi, kwa uangalifu gari lisijiinue kutoka kwenye stendi. Yule ambaye gari lake lilikwisha kubanwa vibaya hahitaji kununua chochote ikiwa mpira bado mzima: boliti zilegezwe, gari likalishwe chini, na zibanwe upya.

Baada ya hapo ifanyike alaimenti ya magurudumu manne, nyuma ikianza na mbele ikifuata, kwa sababu mbele hupangwa kwa kufuata uelekeo wa nyuma. Alama ya rangi kwenye boliti ya marekebisho inatosha kulifikisha gari kwenye mashine na si zaidi ya hapo. Gereji isiyo na mashine ya kupima magurudumu ya nyuma haiwezi kuimaliza kazi hii, hata ikiwa na sifa nzuri kwa mambo mengine.

Ikiwa mlio wa kugonga bado unasikika, kwanza buti liondolewe jeki na tairi la akiba. Hilo limewahi kumaliza malalamiko mengi kuliko mtu anavyoweza kuamini. Kisha zikaguliwe hanga za ekzosi, bushi za krosimemba yenyewe, na maunti za shokapu kwa mara ya pili. Gari lijaribiwe kwenye lami ya barabara ya Morogoro kuelekea Ihumwa na baadaye kwenye njia ya vumbi, na baada ya kilomita mia chache kila boliti iliyofunguliwa ipimwe upya kwa spana ya toki, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.